Volti 12 Si Umeme Mdogo

Nimeisikia kauli hii Bwera, wilayani Kasese, Uganda, kwa miaka, kwa mafundi, kwa wenye maduka, hata kwa walimu wenzangu. Mtu amefunga sola yake. Unamuuliza mbona waya ni mwembamba hivyo, naye anajibu bila kusita: "Mwalimu, hii ni volti 12 tu. Umeme mdogo. Waya wowote unatosha." Umeme mkubwa, kwa hesabu hiyo, ni ule wa nguzo, wa volti 240. Huo ndio unaodai fundi aliyesomea, waya wa maana, na zile hesabu za volti, ampea na omu tulizoziacha kwenye madaftari ya sekondari.

Wanaosema hivyo si wajinga. Wengi wao wamefunga sola nyingi kuliko mimi, juu ya mabati ya milimani ambako nguzo hazijafika. Na kauli yao ina nusu ya ukweli ndani yake; ingekuwa uongo mtupu ingekwisha kufa zamani. Lakini nusu ya pili inawagharimu watu betri, vyombo na mara nyingine paa la nyumba, kwa hiyo naomba niibishie kwa heshima, na nianze pale wanaposema kweli.

Ukishika vichwa viwili vya betri ya gari kwa vidole vikavu, husikii kitu. Ngozi kavu ina ukinzani mkubwa, maelfu ya omu. Tuseme omu 10,000. Mkondo ni volti ukigawanya kwa ukinzani: 12 kwa 10,000 ni ampea 0.0012, kiasi ambacho wengi hawakihisi kabisa. Weka volti 240 mahali pale pale, unapata ampea 0.024, na hapo misuli hukaza hata mkono ukashindwa kuachia. Mkono ukiwa umelowa, ukinzani ukashuka hadi omu 1,000, zinapita ampea 0.24, na hizo zinaua. Basi anayesema volti 12 hazimpigi mtu shoti amesema kweli, na ameisema kwa kanuni ile ile ya Georg Ohm, iliyochapishwa mwaka 1827, hata kama hajui kwamba ameitumia.

Kosa linaingia hatua moja mbele. Hukumu iliyotolewa juu ya ngozi inahamishiwa kwenye waya. Ngozi ina omu elfu kumi. Waya hauna hata mbili. Ukibadilisha namba ya chini katika mgao, jibu la juu haliwezi kubaki lile lile.

Nitaeleza kwa kibanda kimoja cha kinyozi, njia ya kupandia Ihandiro, kwa sababu ndipo nilipoacha kubishana kwa maneno nikaanza kubeba mita.

Kijana mwenye kibanda alikuwa na paneli ya wati 100 juu ya nyumba, na betri yake ndani ya nyumba hiyo hiyo. Kibanda kiko kando ya barabara, mita 20 kutoka nyumbani, na betri isingelala huko ikaamka. Akili hiyo simlaumu. Kutoka kwenye betri hadi kibandani alivuta waya wa spika, ule wa nyuzi mbili zilizoshikana, nyekundu na nyeusi, akaupitisha juu ya mgomba. Kibandani kulikuwa na inveta ndogo inayomwashia taa, chaja za simu za wateja na mashine ya kunyolea. Shida yake: inveta inalia. Taa na chaja zikiwa peke yake, inapiga kelele ya kuonya. Akiwasha mashine, inazimika, mteja akiwa amenyolewa upande mmoja. Alikwisha kuamua kwamba betri ni feki na alikuwa anachanga fedha za nyingine.

Mchana ule jua lilikuwa limefichwa na mawingu ya Rwenzori, hali nzuri kwa kupima betri. Nikapima volti kwenye betri taa na chaja zikiwa zinafanya kazi: 12.6. Betri nzima, yenye afya. Nikashuka kibandani nikapima kwenye mdomo wa inveta: 10.5. Kisha nikaipitisha mita katikati ya njia kupima mkondo: ampea 1.5. Namba tatu tu, na zimekwisha kusema kila kitu.

Volti 2.1 zilipotea njiani. Gawanya kwa ampea 1.5: waya wenyewe ni ukinzani wa omu 1.4. Zidisha volti 2.1 kwa ampea 1.5: waya unakula wati 3.15 na kuzigeuza joto. Betri inatoa wati 18.9, kibandani zinafika 15.75. Sehemu moja kati ya sita inapasha moto majani ya mgomba.

Kijana hakuamini kwamba waya wa shaba unaweza kuwa "kizuizi". Tukaupima kwa njia ya pili, kwa futi kamba. Mita 20 kwenda, mita 20 kurudi. Watu wengi husahau kurudi, lakini mkondo ukienda lazima urudi, na unaporudi unalipa tena. Jumla mita 40. Waya ule ulikuwa wa nusu milimita ya mraba. Shaba ina ukinzani wa karibu omu 0.0175 kwa kila mita ya waya wenye unene wa milimita moja ya mraba. Zidisha kwa 40, gawanya kwa 0.5: omu 1.4. Mita na futi kamba hazikupanga kunidanganya pamoja.

Na mashine ya kunyolea? Inveta haina tabia ya waya wala ya taa ya zamani. Ikipungukiwa volti, hufidia kwa kuvuta ampea zaidi ili wati zitimie. Ampea zikizidi, waya unakula volti zaidi. Inveta inapungukiwa tena. Mashine ilipowashwa mkondo ulipanda hadi kama ampea 2.5, waya ukala volti 3.5, inveta ikabakiwa na 9.1. Inveta nyingi za volti 12 huonya volti zikifika karibu na 10.5, na hujizima zikishuka chini zaidi ili kuilinda betri. Hii ilikuwa inailinda betri iliyoshiba dhidi ya njaa ya waya.

Sasa turudi kwenye kauli yenyewe. Kwa nini waya ule ule, ndani ya nyumba yenye umeme wa nguzo, usingeonyesha dalili yoyote ya ugonjwa huu? Chukua chombo cha wati 60. Wati ni volti mara ampea. Kwa volti 240 chombo hicho kinahitaji ampea 0.25. Kwa volti 12 kinahitaji ampea 5. Joto la waya ni mkondo mara mkondo mara ukinzani. Katika omu zetu 1.4, umeme wa nguzo unapoteza wati 0.0875, kitu ambacho hata kidole hakihisi. Ule tunaouita mdogo ungepoteza wati 35. Mara 400! Kwa kweli usingefika hata huko: ampea 5 katika omu 1.4 zinakula volti 7, na chombo cha volti 12 kingeachiwa 5, ambazo hakina kazi nazo.

Kwa hiyo kauli imekaa kichwa chini. Kadiri volti zinavyopungua, kwa kazi ile ile, ndivyo waya unavyotakiwa kunenepa.

Watu wa Kasese wana sababu ya kulijua hili kuliko wengi, maana wanaishi chini ya ushahidi wake. Mto Mubuku umetegwa kwa mitambo tangu siku za mgodi wa shaba wa Kilembe, na tangu mwaka 2009 kituo cha Bugoye kinaweza kutoa megawati 13. Umeme huo hausafirishwi kwa volti 240. Unapandishwa hadi volti 33,000 kuelekea kituo cha kupozea umeme cha Nkenda, na kutoka Nkenda kuna laini ya volti 132,000. Tukiweka kando mambo ya fezi tatu na kuhesabu juu juu tu, megawati 13 kwa volti 33,000 ni kama ampea 394. Kwa volti 240 zingekuwa ampea zaidi ya 54,000. Hakuna nguzo inayoweza kubeba waya wa kustahimili hizo. Wahandisi hawakupandisha volti ili umeme uwe mkali. Walipandisha ili mkondo upungue na nyaya zibebeke.

Mto wenyewe nao unafundisha. Kinachozungusha mtambo ni kimo cha maporomoko mara wingi wa maji. Kijito chembamba kinachoanguka kutoka juu sana kinaweza kufanya kazi sawa na mto mpana unaoteremka kidogo. Volti ni kimo, ampea ni maji. Sola ya volti 12 ni mto wenye mteremko mdogo: ukitaka ufanye kazi ya maana, lazima upitishe maji mengi, na maji mengi hayapiti kwenye mrija wa peni.

Nadhani lugha nayo inatuponza kidogo. Tunasema umeme "una nguvu" tukimaanisha volti, tunasema "una nguvu" tukimaanisha ampea, na wati nazo tunaziita nguvu. Shuleni Uganda mtoto anafundishwa haya kwa Kiingereza, anafaulu, kisha anaingia kwenye karakana ambako watu wanazungumza Kiswahili na Lukonzo, na neno moja linabeba mizigo mitatu. Siyo ajabu anayesoma "12" kwenye betri anadhani amesoma ukubwa wa umeme, kumbe amesoma kimo tu.

Yapo majibu ninayopewa nikifika hapa, na hayastahili kupuuzwa.

La kwanza ni la mafundi wazoefu: wao hawahesabu, wanagusa. Waya ukipata joto wanaongeza mwingine. Nakubali mkono wa fundi ni kipimo kizuri, na nimewaona wakigundua kiungo kibovu kwa kidole kabla sijafungua mita. Ila mkono unatoa taarifa baada ya waya kufungwa, fedha zikiwa zimekwisha kutoka. Tena haukuona ugonjwa wa kinyozi: wati 3.15 zikitawanywa kwenye mita 40 hazimpashi mtu kidole. Inveta ilikuwa inakufa na waya umepoa.

La pili ni la wanafunzi wangu, na hili nalipenda zaidi. Wanasema kanuni inadanganya, na wana ushahidi. Balbu ya zamani ya wati 100, ile ya uzi unaong'aa, ukiihesabu kwa volti 240 inapaswa kuwa na omu 576. Ukiipima kwa mita ikiwa mezani, baridi, unapata omu arobaini hivi. Hakuna aliyedanganya. Uzi ule ukiwaka una joto la zaidi ya nyuzi 2,000, na metali ikipata joto ukinzani wake hupanda. Volti ukigawanya kwa ampea hukupa ukinzani wa wakati ule ule ulipopima, katika hali ile ile. Ndiyo maana kwa kinyozi nilipima vitu vikiwa vinafanya kazi. Anayepima waya uliolala atapata jibu la waya uliolala.

Dada yake na hilo ni kosa la kuamini wati zilizoandikwa kama uzito ulioandikwa kwenye gunia. Birika la wati 2,000 kwa volti 240 lina omu 28.8. Livushe mpaka wa Mpondwe hadi Kasindi, upande wa Kongo, kwenye umeme wa volti 220, nalo litatoa wati 1,680 hivi. Chai itachelewa, na muuzaji wa Bwera atatukanwa bure.

La tatu ni bei. Shaba nene ni ghali, na hapa sina ubishi. Ni kejeli kidogo kusikia hivyo katika wilaya ambayo reli yake ilifika mwaka 1956 kwa ajili ya shaba, ikawa inabeba mali ya Kilembe kwenda kuyeyushwa Jinja, lakini kejeli haipunguzi bei dukani. Ninachosema ni kwamba aliyeokoa fedha kwenye waya alikuwa tayari kununua betri ya pili, na betri ya pili isingemsaidia hata kidogo. Hesabu ya kugawanya mara moja ingemwambia hivyo kabla hajachanga shilingi ya kwanza.

Limebaki jambo la moto, ambalo kauli ya "umeme mdogo" hulifunika zaidi kuliko yote. Betri ya gari iliyojaa ina ukinzani wa ndani mdogo mno, kama omu 0.01. Tuseme nyaya zake mbili fupi zimegusana nyuma ya kabati, panya amekula plastiki, na waya huo una omu 0.03. Jumla 0.04. Volti 12 ukigawanya kwa 0.04 ni ampea 300. Wati 3,600, karibu sawa na mabirika mawili ya umeme, na robo tatu ya joto hilo inatua kwenye kipande cha waya kinachoenea kiganjani. Plastiki inashika moto kabla mtu hajamaliza kuuliza harufu inatoka wapi. Ni volti zile zile 12 ambazo kidole hakikuzihisi. Tofauti ni namba ya chini.

Kiungo kilichosokotwa kwa mkono bila kukazwa ni ndugu mdogo wa balaa hilo. Kikiwa na omu 0.2 tu na kikipitisha ampea 5, kinatoa wati 5 mahali padogo kama punje ya mahindi, usiku kucha, pengine ndani ya dari ya matete. Kwa sababu hiyo fyuzi inawekwa karibu kabisa na betri, kabla ya waya kuanza safari, na wala si mwishoni karibu na taa kama wengi wanavyofanya. Fyuzi ya gari ya ampea 10 ni ya bei ndogo sana. Ikiwa mwishoni, inailinda taa na kuuacha waya wote ujiungue.

Kwa kinyozi hatukufanya makubwa. Tulikuwa na njia mbili. Moja ilikuwa kuihamishia inveta nyumbani karibu na betri na kuleta volti 240 kibandani. Kwa hesabu ya upotevu hiyo ingekuwa bora, waya ule ule ungepoteza karibu sifuri. Niliikataa, kwa sababu waya wa spika juu ya mgomba si mahali pa volti 240 penye watoto na mvua, na hapo nusu ya kweli ya ile kauli inarudi na haki yake yote. Tukachukua ya pili: waya wa milimita 4 za mraba, mita zile zile 40. Omu 0.175. Hata kwa ampea 2.5 unakula chini ya nusu volti. Mashine ikawashwa, inveta ikanyamaza, na mzee mmoja aliyekuwa akisubiri tangu asubuhi akakaa kwenye kiti.

Nilikuwa nimekwisha kufunga mita yangu kijana aliponiita. Alikuwa amekaa kwenye gogo na kipande cha boksi la betri, anaandika kwa peni ya kibanda.

"Mwalimu, huu waya wa kutoka paneli hadi kwenye betri ni wa rola ile ile. Mbona hukuupima?"

Sikuwa na jibu. Jua lilikuwa limetoka. Tukapanda nyumbani, tukaupima: mita sita kwenda, sita kurudi, ampea 5 zikipita, volti 2.1 zikipotea. Paneli huwa na volti za ziada juu ya zile zinazohitajika kuchaji, kwa hiyo betri ilikuwa bado inashiba, nikamwambia hivyo kujitetea. Hakusikiliza sana. Alizidisha 2.1 kwa 5 kwenye boksi lake, akapata wati 10.5, akazilinganisha na zile 3.15 tulizohangaika nazo mchana kutwa, kisha akamwita mdogo wake ampe fedha za kushukia Bwera kununua mita 12 nyingine.